Jogoo Tuliyempa Mngoni

Goba, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Kwako mdogo wangu Bernadeta,

Pokea salamu kutoka kwenye kilima cha Goba, ambako hata mbuzi wakipanda wanapumzika katikati. Sie wazima, kwa kiasi cha watu waliotoka msibani. Shemeji yako Anna goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote, unaingia zamu zote. Mjukuu wako kanenepa, ana mashavu kama diwani. Analala kifuani kwa Anna, na akiamka anageuza kichwa huku na huku anamtafuta mtu ambaye sie hatuna wa kumpa.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Haya masikio yamekula vumbi la mpingo tangu nianze kuchonga, kwenye simu nasikia kama mtu anakaanga vitumbua. Juzi umeniuliza habari za mtoto, nikakujibu habari za mahindi. Kwa hiyo vumilia mwandiko wa darasa la nne. Barua nampa kondakta wa basi la Newala pale Mbagala, wewe uiulizie kwa wakala wao hapo stendi.

Arobaini ya mwanao Noela tumeifanya Jumamosi. Watu walijaa mpaka kwa jirani. Padri alihubiri hadi wali ukaanza kushika chini, nikamwonyesha masufuria kwa kidevu, akaelewa, akasema amina. Halafu ndiyo mtani akafika. Mngoni mmoja, mwanamke, akaburuta kiti mpaka mbele ya chakula, akakaa, akatandaza kanga yake chini. Akasema Wamakonde hamli. Babu zetu waliwakimbiza mkapanda milima mpaka Newala, leo mmepanda Goba mkidhani hatutawaona. Leteni jogoo au mlale njaa. Watu walicheka, Bernadeta. Hata Benjamin mkwe wako nilimwona meno, ambayo tangu Januari nilidhani kayazika pamoja na mkewe. Nikampa huyo Mngoni jogoo, tukala. Msiba gani usiokuwa na mtani.

Hukuja. Watu waliuliza, nikasema una homa. Kama huna, basi itafute, maana nimeshasema.

Kuhusu hospitali, Benjamin ameandika malalamiko na mie nimeweka sahihi chini yake, kubwa kuliko yake. Wao wanashikilia kwamba Noela presha ilipanda ghafla baada ya kujifungua, daktari alikuwepo, walifanya walichoweza. Wamesema watatuita.

Ni mie kaka yako mzee,
Albano

*

Newala
20 Machi 2024

Kaka Albano, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwenye droo ya wakala, naye wakala alikuwa amesafiri na ufunguo. Nimeipata jana. Huku mvua inatosha, mbaazi zimeshika, paa la jikoni linavuja palepale ulipolitengeneza wewe. Sina homa.

Kaka, umeniandikia habari za mbuzi, za goti, za padri na za wali. Mtoto wangu umempa mistari ya mwisho, baada ya jogoo.

Nakuuliza tena lile ninalokuuliza tangu mazishi. Siku ile ya Jumapili wewe na Benjamin mlikuwa mlangoni pa wodi ya wazazi. Noela alikuwa ndani. Nani alitoka kuzungumza nanyi, na alisema nini? Usinijibu kwa mashavu ya diwani.

Ninachotaka ni kimoja. Nataka watu wa hospitali hiyo waseme mbele yetu nani alikuwa na mwanangu, na kwa nini aliachwa. Sitaki samahani ya jumla, ya kunyunyizia watu kama maji ya baraka.

Wewe ndiye mjomba. Alipokuja huko kujifunza ushonaji nilikukabidhi, nawe ukaniandikia kwamba mtu akimgusa Noela utamchonga sanamu akiwa hai. Sasa ameguswa.

Mdogo wako,
Bernadeta

*

Goba
14 Aprili 2024

Mdogo wangu mkali,

Nimeipata barua yako, ningeishika kwa koleo kama lingekuwa karibu. Huku mvua imeikata barabara yetu vipande, bodaboda hawapandi mpaka uwaahidi mbingu. Mtoto kaanza kucheka. Anacheka akiona feni, feni lenyewe bovu. Benjamin anakuja kila Jumapili, anamshika, anamtazama, anamrudisha kwa Anna. Haongei. Nikimchokoza anasema ndiyo, mjomba.

Paa la jikoni lilikuwa zima nilipoondoka. Labda unalitukana.

Sasa mambo ya hospitali. Tulikwenda mie na Benjamin. Tukaingizwa kwa mkurugenzi, kijana anaitwa Brightson, chumba chake kina baridi ya kuhifadhia samaki. Akamuuliza Benjamin wewe ni nani, akasema mume. Akaniuliza mie, nikasema mjomba. Akasema, "Mjomba tu?" Nikamwambia kijana, kwetu sie baba anazaa, mjomba ndiye mwenye mtoto. Akaandika kitu. Nadhani aliandika mkorofi.

Tukamwambia tuna shahidi. Kuna mama mmoja anaitwa Samiha, ndugu zake wana duka la vitambaa Mbezi Beach, Waarabu wa siku nyingi. Alilala kitanda cha jirani na Noela, naye alikuwa amejifungua. Alitutafuta mwenyewe mpaka akatupata. Anasema tangu Noela apewe mtoto kifuani alikuwa anaita, "Dada, nalowa. Nalowa, dada." Nesi anakuja, anabadilisha vitambaa, anatoka mbio, anarudi, anatoka tena. Samiha hakumwona daktari hata kisigino. Wamemleta mtu mwenye koti jeupe wakati Noela hamwiti mtu tena. Samiha amesema atayasema haya popote, hata kwa mfalme.

Brightson alisikiliza, akachezea kalamu, akatuambia turudi mwezi wa tano, atakuwa na majibu.

Uliuliza ya mlangoni. Alitoka nesi, akasema mama mzima na mtoto mzima. Ndiyo hivyo.

Anna anakusalimu, anasema uje ule futari ya mihogo, goti likiruhusu atakupikia.

Kaka yako,
Albano

*

Newala
26 Mei 2024

Kaka, shikamoo. Naiandika hiyo shikamoo kwa sababu nimelelewa.

Benjamin alinipigia simu Alhamisi jioni kutoka huko hospitalini mlikorudi kupata majibu. Alikuwa analia, sikumwelewa mpaka alipotulia. Anasema Brightson hakuwa na majibu, alikuwa na simu. Akaiweka mezani. Kwenye simu kuna picha yako unamkabidhi jogoo yule Mngoni, mdomo wako wazi mpaka magego yanaonekana, na nyuma yako watu wanacheka. Brightson akasema, "Mzee, huyu si wewe? Nyie na muuguzi wetu mlishamalizana kimila, tena kwa furaha. Sasa mnadai nini?"

Muuguzi wetu.

Kwa hiyo huyo uliyeniandikia kwamba ni Mngoni mmoja, mwanamke, anaitwa Hamida, na ndiye aliyekuwa zamu Noela akimwita. Benjamin anasema yeye hakumtambua bila sare, siku ile macho yake hayakuwa yanaona watu. Lakini wewe unamtambua mtu kwa nyayo, ndiyo kazi yako, kuchonga sura za watu. Usiniambie hukumjua.

Ulimkalisha kwenye arobaini ya mwanangu. Ulimpa jogoo, ukarudi ukala wali. Ulikuwa mtamu?

Bernadeta

*

Goba
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Zile nyingine Anna amewashia mkaa. Mtoto mzima, ana jino. Mvua zimeisha.

Nilimjua.

Alipoingia uani nilimjua kabla hajafika kwenye masufuria. Nilisimama. Nilikuwa na maneno mdomoni, Bernadeta, tena si ya kuchekesha. Halafu akaanza utani, na watu wote wakageuka kumtazama, na mtani akishaanza kwenye msiba nani amnyamazishe? Wewe umemwona lini mfiwa anamfukuza mtani? Akikuvua kofia unamwachia, akikutukania marehemu unacheka. Nikasema moyoni huyu ana aibu, ameshindwa kuja kwa mlango wa kuomba msamaha, amepita dirisha la utani. Nikampa jogoo kwa mkono wangu. Nilidhani namsaidia kuanza, kwamba akishapokea ataniita pembeni aniambie kilichotokea. Hakuniita. Alimchukua jogoo akaondoka.

Na picha sikujua. Sasa nimeuliza majirani, wanasema alikuja na kijana mmoja na gari lililosimama chini kwenye lami, kijana ndiye aliyepiga. Gari la hospitali. Kwa hiyo alitumwa. Mie niliyewachezea watu maisha yangu yote nimechezewa uani kwangu, kwa kuku wangu.

Benjamin hasemi na mie. Malalamiko yamepelekwa juu, kuna kamati ya serikali inayosikiliza mambo ya hospitali, lakini barua ya Brightson imeshafika huko na picha ndani yake. Wameandika kwamba upande wa familia ulipokea usuluhishi. Karani wa kamati aliyetusomea aliniangalia kama naomba kulipwa mara mbili.

Nitafanya nini sijui. Nimekaa kwenye banda langu la kuchongea, nimeshika tezo, sichongi.

Ya mlangoni niache kwanza.

Albano

*

Newala
18 Julai 2024

Kaka Albano, shikamoo.

Ya mlangoni sikuachii. Lakini nayaweka kando, kwa sababu kuna kazi.

Nimezungumza na wazee wa huku. Wote wanasema ulifungua mlango, basi ni wewe wa kuufunga. Utani si mali ya Hamida peke yake, aupeleke anakotaka kama kanga yake. Wangoni wana wakubwa wao hapo Mbagala, wale wenye chama cha kuzikana. Nenda kwao. Waulize neno moja. Mtu aliyekuwa zamu mtoto wetu akimfia mikononi, anaweza kuja kuutania msiba huohuo na kupokea jogoo? Wakisema anaweza, nitanyamaza na nitasali. Wakisema hawezi, waje wayaseme hayo mbele ya kamati, wao Wangoni, si sisi.

Na nakuomba, ukiwa mbele yao usiwachekeshe. Najua utatamani.

Uliwaambia watu nina homa. Sikuja kwenye arobaini kwa sababu nilijua utanichekesha, nami sikutaka kucheka. Mtoto nilitaka kumwona. Huyo wa jino nilitaka kumwona sana.

Bernadeta

*

Goba
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Bernadeta,

Salamu kwako na kwa hao wazee waliokutuma. Mjukuu anatambaa, kamfukuza paka kitandani kwake. Anna goti limepoa. Benjamin amerudi kusema na mie, kidogo, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Nilichelewa kwenda Mbagala. Usiniulize kwa nini, miguu ilikuwepo. Nimekwenda mwisho wa Agosti. Mkubwa wao anaitwa Mzee Faraji, mrefu, amestaafu bandarini. Nilipobisha tu akasikia jina langu, akasema, "Mmakonde huyo, ficheni mafuta ya kula." Wenzake barazani wakacheka, wakaningoja. Jibu lilikuwepo, Bernadeta, nilikuwa nalo tamu kabisa, lilinijaa mdomoni. Nikasema shikamoo. Nikakaa. Nikasema, "Leo sikuja kama mtani, nimekuja kama mjomba wa marehemu."

Waliacha kucheka mmoja mmoja. Nikawaeleza. Nikauliza lile neno moja uliloniagiza.

Mzee Faraji aliweka kikombe cha chai chini. Akaniuliza, "Alikuja kama nani?" Nikasema kama mtani. Akasema, "Mtani anachimba kaburi lenu. Anaosha maiti yenu, anawatukana, anawanyima chakula. Lakini kama mkono wake umo kwenye kifo, huyo si mtani tena. Huyo anakaa chini na kuulizwa. Huyo jogoo yuko wapi?" Nikasema nadhani kaliwa. Akasema, "Basi ataleta mwingine."

Wakamwita. Alikuja Jumapili iliyofuata mpaka hapa kwangu, na Mzee Faraji na wazee wengine wawili nyuma yake. Hamida ni mtu mzima kuliko nilivyomwona siku ile, mama wa watoto wakubwa. Ameshika jogoo kafungwa miguu. Akamweka chini mbele yangu, akasema, "Mzee Albano, huyu si wa utani." Basi. Hakuna aliyecheka. Anna alisimama mlangoni kambeba mtoto. Hamida alimtazama mtoto, halafu akatazama chini.

Nikamwambia kamati inakaa Oktoba. Akasema atakuja. Akasema kazini wakijua ataondolewa. Mzee Faraji akamwambia, "Utakuja, na sisi tutakaa nyuma yako. Si kukulinda. Kukusikia."

Mambo yamebaki hapo, ila kuna jingine. Tangu siku ile simu yake haipatikani. Samiha ameulizia wodini, akaambiwa Hamida yuko likizo. Likizo gani hawajui. Nyumbani kwake Kibamba nimepiga hodi, jirani anasema ameondoka na begi.

Usiniulize kama nalala.

Albano

*

Newala
2 Oktoba 2024

Kaka, shikamoo. Wote wazima huku.

Amepatikana?

Bernadeta

*

Goba
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Anna, mtoto, Benjamin, wote wanakusalimu. Mtoto anasimama kwa kushika kiti. Nakuandikia kabla sijasahau mpangilio wa maneno, kwa sababu nataka uyapate yalivyosemwa.

Kamati imekaa Jumatano. Meza ndefu, watu watano, mwenyekiti mama mmoja mwenye miwani anayesema polepole. Brightson alikuja na wakili. Upande wetu Benjamin, Samiha na mie. Nyuma yetu Mzee Faraji na wenzake, na kofia zao mapajani. Kiti cha Hamida kitupu.

Wakili akaanza na picha. Safari hii wameitoa kwenye karatasi kubwa, magego yangu yote yapo. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, hapa unacheka?"

Nikasema, "Nacheka."

"Na ulimpa jogoo kwa hiari yako?"

"Kwa mkono wangu."

Wakili akakaa, ameridhika. Benjamin alitaka kusimama, nikamshika mkono. Mzee Faraji akaomba kusema. Wakili akakataa, akasema huyu si ndugu wa marehemu. Mwenyekiti akauliza yeye ni nani basi. Mzee Faraji akasimama, ukaona ule urefu, akasema, "Mimi ni upande wa huyo aliyepokea jogoo. Mmeleta mambo ya mila humu ndani, basi msikilize wenye mila. Kwetu aliyemo kwenye kifo hachezi utani kwenye msiba wake. Aliyemtuma hakutuuliza. Jogoo tumeshamrudisha. Hiyo picha yenu imebaki picha ya kuku."

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Akasema picha inawekwa pembeni, tuendelee na siku ya kifo. Samiha akasema yake, kama alivyotuambia, bila kuongeza. Wakili akamuuliza kama ana taaluma ya udaktari. Akasema, "Nina macho, na nilikuwa macho." Brightson akasema daktari wa zamu alikuwepo na jina lake lipo kwenye ratiba.

Hapo ndipo Hamida akaingia. Alikuwa kwa dada yake Songea, kafika na basi la asubuhi, kanga imekunjamana. Brightson alimtazama kama mtu anayemwona mdaiwa kanisani. Hamida hakumtazama. Akaapa kwa msahafu, akasema hivi.

Daktari hakuwepo. Aliandikwa kwenye ratiba, lakini Jumapili anafanyaga kazi hospitali nyingine, na wote wodini wanajua. Yeye Hamida alikuwa peke yake na wodi mbili. Noela alipoanza kutoka damu alimsukuma tumbo, akamwekea maji na sindano aliyokuwa nayo, haikukatika. Akampigia daktari, hakupokea. Akampigia Brightson. Brightson akamwambia daktari yuko njiani, asubiri, na ndugu wasiambiwe chochote, wataleta vurugu.

Mwenyekiti akauliza, "Ukasubiri?"

Hamida akasema, "Nilikwenda mlangoni kuwaambia wamtoe. Nilikuwa nimeshaamua. Nje kulikuwa na teksi, wangemfikisha hospitali kubwa."

"Ukawaambia?"

Bernadeta, sikiliza. Akanitazama mie, si kamati. Akasema, "Huyu mzee alikuwa amesimama pale. Muda mfupi kabla alisikia walinzi wananiita Mngoni. Nilipofungua mlango tu, kabla sijasema, akaniambia, nyie Wangoni mmemteka binti yetu humo ndani, mnataka mahari? Na mimi nikacheka. Nikamjibu utani. Nikamwambia mama mzima, mtoto mzima, Wamakonde tulieni. Nilikuja kuwaambia ukweli, nikaona njia ya kutousema, nikaipita. Nikafunga mlango."

Hiyo ndiyo ya mlangoni.

Mwenyekiti akauliza nani alimtuma kwenye arobaini. Akamwonyesha Brightson, kwa mkono mzima. Akasema waliulizana ofisini huyo mzee ni kabila gani, wakakumbuka walivyokuwa wanataniana mlangoni, wakampa gari.

Wakili akaomba kikao kiahirishwe. Mwenyekiti amekubali, lakini amemwita daktari mwenyewe aje, na Brightson aje na kumbukumbu za simu za siku ile. Kikao ni Desemba, wiki ya kwanza. Brightson ameambiwa asimguse Hamida kazini mpaka mambo yaishe. Sijui kama atatii.

Tulipotoka Hamida alinifuata, akaniomba niulize kama anaweza kuja Newala kukaa mbele yako. Nimemwambia nitakuandikia, si juu yangu kujibu.

Mie sina la kuongeza. Ningeweza kunyamaza siku ile mlangoni, watu wengi wananyamazaga wakiwa na hofu. Mie nikiwa na hofu ndiyo hivyo tena, unanijua tangu utoto.

Kaka yako,
Albano

*

Newala
14 Novemba 2024

Kaka Albano, shikamoo.

Barua imefika mapema safari hii, wakala ameleta mwenyewe mpaka nyumbani, nadhani sura yangu imemchosha. Huku ni korosho kila mahali, watu wanaokota mpaka watoto wa shule. Paa la jikoni nimebadilisha bati.

Ya mlangoni nimeyasoma. Niliisoma barua mbele ya nyumba, halafu nikaingia ndani nikaisoma tena nimesimama. Sitakujibu hilo kwa karatasi.

Hamida asije Newala. Mwambie asichoke bure, tutakutana naye. Mwambie pia nimesikia kwamba alikuwa peke yake na wodi mbili. Mwambie nimesikia na lile la mlango kufungwa. Yote mawili.

Daktari akiitwa, nataka ajibu akiwa ananitazama mimi. Na Brightson, kama mjomba tu alimsumbua namna hiyo, mwambie Benjamin ampelekee taarifa kwamba mama anakuja. Mpe Benjamin salamu zangu, umwambie simlaumu kwa kutomtambua mtu siku ile. Anna asipike mihogo kwa ajili yangu, goti lipumzike, ila mtoto asilazwe kabla sijafika.

Nitakaa hapo mpaka kikao kiishe, na kama kitaahirishwa nitakaa hapohapo Goba mpaka kingine kije. Mbaazi nimemwachia jirani. Nimekata tiketi ya Jumamosi, njoo unipokee Mbagala, na ukiwa pale useme na mimi vizuri, unitazame, si kwa mizaha ya kunizuia nisiulize. Ukitaka kunichekesha, ngoja niulize kwanza.

Barua hii usiijibu. Jibu litapishana na mimi njiani.

Mdogo wako,
Bernadeta